Mama Pindo Apanda Mlimani Kusema Asante

Jina la Mama Pindo lilitoka kwa wateja waliokuja kulalamika. Mtu alileta kitambaa cha sare ya mwanawe, akarudishiwa sketi yenye pindo pana kama kiganja, akauliza, "Mama, mbona kitambaa changu umekificha chote huku chini?" Naye akajibu bila kuinua macho kwenye cherehani, "Kwani mwanao hakui?" Mteja akaondoka akinung'unika. Mwaka uliofuata, sketi ilipokwisha kupanda juu ya magoti, mteja yuleyule alirudi. Pindo likafumuliwa, sketi ikashuka mahali pake, na manung'uniko yakageuka kuwa jina la heshima.

Ndani ya kila pindo la namna hiyo kulikuwa na uzi mwekundu. Nguo iwe ya buluu, ya kijani au ya khaki, mshono wa nje ulifuata rangi ya kitambaa, lakini ule wa ndani, ulioshikiza ile ziada, ulikuwa mwekundu siku zote, umeshonwa kwa mkono, hatua ndefu ndefu, bila fundo mwanzo wala mwisho. Wanafunzi wake walipouliza kwa nini, aliwaambia, "Anayefumua aone anachokata. Na fundo linawasha ngozi ya mtoto. Ndivyo alivyonifundisha mama." Naye mama yake, alipoulizwa, alisema ndivyo walivyoshona mlimani. Hapo habari ilikatika.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kati ya kinyozi na muuza simu. Cherehani ya miguu ilikaa mlangoni ili ipate mwanga, meza ya kukatia ilikaa nyuma, na kamba ilining'inia ukuta hadi ukuta ikiwa na nguo za watu waliosahau kuzifuata. Kona moja ilikuwa na kiti chenye mto. Hapo alikaa mama yake miaka yake ya mwisho, akipachika vifungo na kuwasikiliza wateja wakipiga domo. Hakuwa msemaji. Ila mtu akimshukuru kwa kifungo alichomwekea, alitikisa kichwa na kusema, "Usinishukuru mimi. Mimi mwenyewe kuna mtu sikumwambia asante."

Maneno hayo Mama Pindo aliyasikia tangu utotoni, na hadithi yake ilikuwa fupi. Mama yake alizaliwa mlimani. Akiwa bado mtoto, mama mzazi alifariki kwa homa msimu wa baridi, na mwanamke mmoja wa huko, fundi wa nguo, akamchukua kama wake. Nyumba ilikuwa juu ya maporomoko ya maji, na cherehani ilikaa barazani. Miaka ikapita. Siku moja akaja mtu aliyejiita mjomba. Akasema wanakwenda dukani na kurudi. Hawakurudi. Mtoto alishushwa mpaka bondeni, akawekwa nyumba ya watu kuosha vyombo na kubeba watoto wao, na yule fundi hakuagwa wala hakushukuriwa.

"Nitakwenda," mama alisema. Kwanza alikuwa mtoto, hajui njia. Kisha akaolewa. Kisha akazaa. Kisha magoti yakakataa. Halafu asubuhi moja, kati ya chai na adhuhuri, akafariki kitini, sindano ikiwa mkononi.

Msibani wakaja wazee wa mtaa, watu wema, wakauliza kwa upole, "Marehemu ni wa ukoo gani?" Mama Pindo akafungua kinywa, akakuta hakina kitu. "Ni wa mlimani," alisema. Wazee wakaitikia, "Aa, mlimani," kana kwamba mlima ni baba wa mtu.

Na hapo ndipo mtu anapopaswa kukasirika kidogo. Tajiri akifa, husomewa babu na babu wa babu mpaka waombolezaji wasinzie. Mwosha vyombo akifa, tunaambiwa alikuwa mtu mwema, basi, tunafukia. Nani alisema kuwa na asili ni haki ya wenye majumba? Mama Pindo hakuwa mtu wa maswali ya namna hiyo, lakini aliporudi dukani na kukiona kile kiti kitupu, aliamua jambo moja: atapanda mlimani, atamtafuta yule fundi au yeyote aliyebaki wa nyumba yake, na atasema ile asante. Akiukuta ukoo njiani, heri. Lakini asante kwanza.

Alianzia ofisi ya wilaya. Karani, kijana mwenye shati lililofuliwa vizuri na mkunjo mbaya wa kola, alimsikiliza kalamu ikiwa sikioni.

"Unadai shamba, mama?"

"Hapana."

"Mirathi?"

"Hapana, mwanangu."

"Kuna kesi?"

"Hakuna kesi."

Karani akaishusha kalamu. "Sasa ukoo wautakia nini?"

"Nataka kuwashukuru watu."

Karani akamtazama kama mtu aliyeombwa kupima upepo. Lakini hakuwa na roho mbaya. Alimweleza kwamba kijiji alichokitaja mama yake hakipo tena. Barabara ilipochongwa, nyumba nyingi zilihamishwa na watu wakatawanyika kwenye miteremko. "Maporomoko lakini hayajahama," alisema. "Chini yake kuna soko. Anzia hapo. Na mama, huko usianze kwa kuuliza mambo ya ukoo."

Ushauri huo ulimwingia sikio hili ukatokea lile.

Mlimani watu walimpokea kwa ukarimu wote. Karibu, keti, kunywa maji, pole na safari. Kila mlango ulikuwa wazi mpaka aulize. "Samahani, mnaikumbuka nyumba iliyokuwa na cherehani barazani? Kulikuwa na mtoto yatima. Mimi ni binti yake, natafuta asili yangu." Hapo nyuso zilifungwa kama madirisha mvua ikija. Mmoja alikumbuka ghafla kwamba ana mbuzi wa kurudisha. Mwingine alisema yeye mwenyewe ni mgeni, na huku nyuma ya kichwa chake ilining'inia picha ya babu yake amesimama mbele ya nyumba ileile.

Aliyemfumbua macho alikuwa fundi wa pale sokoni, mzee mwembamba aliyeshonea kwenye baraza la duka la vyombo na kuvaa koti lenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia. Walimwita Mzee Mifuko. Mama Pindo aliingia kumwomba sindano, wakaanza kuzungumza kama mafundi wanavyozungumza, yaani kwa kuwasema wateja, na baada ya muda mzee akamuuliza shida yake. Alipoisikia, alicheka mpaka akakohoa.

"Dada yangu, wewe unauliza kama mtu wa mahakamani! Unajua kilichotokea hapa? Alikuja bwana mmoja, kavaa tai, anatafuta asili yake. Tukamwonyesha kaburi la babu yake, tukamlisha, tukamsindikiza. Hazikupita siku nyingi akarudi na mpima ardhi. Kaburi la babu likawa ushahidi. Jirani yangu alilala ana shamba, akaamka ana uchochoro."

"Mimi sitaki hata tuta moja la mtu."

"Najua. Lakini yule naye alisema hivyohivyo, na tai yake ilikuwa safi kuliko kilemba chako."

Mama Pindo akainamisha kichwa. Hakuwalaumu. Kuna watu wamejifunza kutumia majina ya wafu kama ufunguo wa mashamba ya walio hai, na wakishafungua wanaondoka, halafu anayekuja kwa moyo mweupe ndiye anayefungiwa mlango. Wizi wa namna hiyo hauishii kwenye ekari tu. Unawaibia watu hata uwezo wa kumwamini mgeni.

"Basi nirudi?" aliuliza.

"Urudi wapi? Keti." Mzee Mifuko akasogeza lundo la nguo, chini yake kukaonekana cherehani ya pili. "Hii ilikuwa ya marehemu mke wangu. Nina kazi zimenizidi. Shona. Mtu anayeshona hana sura ya mdai. Watakuzoea, wakikuzoea watasema."

Akaketi. Akashona mashuka, akabana viuno, akageuza kola za mashati. Watu wakaanza kumzoea, kweli, lakini kila wakati alipowakabidhi nguo alijikuta haangalii nyuso zao. Alikuwa akiangalia chini, kwenye mapindo. Ni ugonjwa wa mafundi. Wengine wakitaka kujua mtu ametoka wapi husikiliza lafudhi yake, fundi hutazama alivyoshonewa.

Siku ya soko ilinyesha mvua, uwanja ukawa tope tupu. Watu walipita wamekunja suruali. Mama Pindo alikuwa akikata uzi kwa mkasi aliponyanyua macho kidogo na kuona, upande wa ndani wa suruali ya kijivu iliyokunjwa mpaka katikati ya muundi, hatua ndefu ndefu za uzi mwekundu.

Hakufikiri. Angefikiri angemwita mwenye suruali, angemsalimu, angeomba radhi. Badala yake alitupa mkasi, akaruka kutoka barazani, akapiga magoti kwenye tope na kuushika mguu wa suruali kwa mikono miwili.

"We mama! Mguu huo una mwenyewe!"

"Tulia kidogo."

"Nitulie nini? Niachie!"

Mwanamume akavuta mguu. Mama Pindo hakuachia. Kitambaa kikasema *krrr*, na pindo likaning'inia mpaka kwenye kifundo. Soko zima likageuka.

Mwenye suruali alikuwa kijana wa mashine ya kusaga, baba wa watoto, mtu mnene wa mabega ambaye nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga. Kila mtu alimwita Msagaji. Alitazama suruali yake, akamtazama mama mtu mzima aliyekuwa magotini kwenye tope, na hasira yake ikakosa pa kuanzia.

"Mama, una akili timamu kweli?"

"Sina," alisema Mama Pindo. "Nisamehe. Ivue nikushonee."

"Niivulie hapa?"

Mzee Mifuko, aliyekuwa akifurahi kuliko siku yoyote ya mwaka huo, alitoa pazia la mteja lenye maua makubwa. Msagaji akaingia nyuma ya duka, akatoka amejifunga pazia, akaketi kwenye benchi akijaribu kuonekana mtu wa maana. Waliopita hawakumwacha.

"Hongera, bi harusi!"

"Nenda zako!"

"Bwana harusi ndiye Mzee Mifuko?"

"Nimesema nenda zako!"

Mama Pindo alikuwa ameshaigeuza suruali. Pindo lilikuwa pana kama kiganja, limekunjwa mara mbili. Akaishusha sauti.

"Baba, wewe ni mtu mzima. Pindo lote hili la nini?"

Msagaji akakwaruza shingo. "Ni bibi yangu. Yeye bado anatumaini nitarefuka."

Benchi zima likacheka, na yeye mwenyewe akacheka, na kwa kuwa alikuwa amecheka, Mama Pindo akaona ni wakati. Akamwambia yote huku akishona. Mama yake, mjomba, maporomoko, baraza. Alivyozidi kusimulia ndivyo kicheko kilivyozidi kumtoka Msagaji usoni, na alipofika kwenye kaburi la mama mzazi wa yule yatima, ambalo lazima liwe huko huko kwenye shamba la hao watu, kijana alikuwa amekaza pazia kiunoni kama mtu anayejiandaa kukimbia.

"Bibi yangu ni mzee," alisema. "Hasikii. Hakumbuki. Hapokei wageni."

"Nimwone tu. Nimwambie neno moja."

"Neno gani?"

"Asante."

"Neno hilo nitamfikishia mimi." Akachukua suruali, akaingia nyuma, akavaa. Alipotoka alisimama kidogo. Hakuwa mtu katili, na ilionekana hayo hayakumpendeza. "Mama, mimi nina watoto. Lile shamba ndilo tu nililo nalo. Usinifuate nyumbani."

Akaondoka. Mama Pindo alibaki ameshika kidonge cha uzi mwekundu, naye Mzee Mifuko akaacha mzaha wake. Alimpa kikombe cha chai tu. Kwa mama huyu ilikuwa rahisi kuendelea kuliko kusimama, basi akachukua shati lililofuata. Lakini usiku huo alifunga mzigo wake. Mtu amekuomba kwa ajili ya watoto wake, utamfuata vipi?

Asubuhi, kabla hajamuaga mzee, Msagaji alikuwa mbele ya baraza. Safari hii nyusi zake hazikuwa na unga. Alikuwa ameoga na kuvaa suruali ileile.

"Twende," alisema, akitazama pembeni.

"Twende wapi?"

"Kwa bibi. Amenifukuza. Nimemvulia suruali aifue, akapitisha vidole kwenye pindo, akasema, 'Hili sikulishona mimi.' Nikamwambia lilichanika, fundi wa sokoni karekebisha. Akasema, 'Muongo. Mimi huwa nafunga fundo, sina subira. Hapa hakuna fundo. Mkono huu naujua, na mwenye mkono huu ni mtu mmoja tu duniani. Nenda kaniletee, au usirudi kula hapa.'" Akashusha pumzi. "Na kweli hajanipa chai."

Walipanda. Njia ilikwenda kando ya maporomoko, kisha ngazi za mawe zilizolika katikati. Msagaji alimbebea mzigo bila kuombwa. Mama Pindo alikuwa akiyapanga maneno yake, maana alikuwa na hotuba: kwa niaba ya marehemu mama yangu, na kwa niaba yangu na wanangu. Aliirudia kimoyomoyo kila alipokanyaga jiwe.

Barazani alikaa kikongwe mdogo, amejifunika blanketi, kidevu mbele kama nahodha.

"Shikamoo, bibi," alisema Mama Pindo.

"Marahaba. Bibi wa nani? Sogea." Akamshika viganja, akavigeuza, akagusa kidole cha kati mahali sindano inapoota sugu. Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Yuko wapi dada yangu?"

Mama Pindo alimwambia. Alimwambia kwa maneno machache, maana hayakutaka kutoka mengi. Kikongwe akafunga macho, blanketi likapanda na kushuka, na Msagaji akageuka kutazama bonde.

"Basi mimi si bibi yako," alisema yule kikongwe hatimaye. "Mimi ni mama yako mdogo. Na jitu hili linalonyima watu milango ni mwanao. Msalimie shangazi yako!"

"Shikamoo, shangazi," alisema Msagaji.

"Marahaba, mwanangu."

"Sasa mpe kiti, au utamwekea pazia?" Kumbe habari zilikuwa zimefika.

Mama Pindo akaketi, akasafisha koo, akaanza hotuba. "Mama mdogo, nimekuja kwa niaba ya marehemu mama yangu, ambaye nyumba hii ilimpokea, ikamlisha, ikamfundisha kazi iliyotulea sisi sote..."

"Nani alimfundisha nani?"

"Mama yako alimfundisha mama yangu kushona."

"Kushona, ndiyo. Lakini ule uzi?" Mama Mdogo akapiga mkono wa kiti. "Ule uzi ni wa mama yako! Sikiliza. Mama yangu macho yake yalianza kuingia ukungu nikiwa mdogo. Fundi asiyeona, utakula nini hapo? Dada alikuwa akiamka mapema, anatia nyuzi kwenye sindano zote, anazichoma kwenye mto, ili mama ashone kutwa bila kuomba. Mtoto huyo! Siku moja mama akafumua pindo la mtu, akakata mpaka kitambaa. Akalia. Sijawahi kumwona analia. Kesho yake dada akachukua uzi mwekundu wa kutarizi, akashikizia pindo ndani, akamwambia, 'Mama, huu utauona.' Na akauona! Akashona miaka mingi baada ya hapo. Mimi nilisoma kwa uzi ule. Baba yake huyu alikua kwa uzi ule. Watu walipousifu, mama alisema, 'Si wangu, ni wa mwanangu yule.' Tumekaa hapa tukisubiri aje tumwambie asante, na wewe unanijia na hotuba?"

Mama Pindo akaitazama mikono yake. Maisha yote alidhani mama yake aliondoka kwenye nyumba hii amechukua tu. Kumbe aliacha. Mtoto asiye na mtu, asiye na kitu, aliacha chakula cha watu na elimu yao, kisha akaenda kuosha vyombo vya wengine akiamini hajawahi kumfaa mtu yeyote. Wangapi wamekufa hivyo, hawajaambiwa walichokijenga?

"Lakini mlimpokea," alisema, na machozi yakamshuka.

"Alitubeba."

"Asante ni yangu kusema."

"Ni yangu! Mimi ndiye mkubwa hapa."

"Jamani," alisema Msagaji kutoka mlangoni, ameshika birika, "shukurianeni kwa zamu, chai inapoa."

Wakanywa. Kikongwe akataka kujua yote. Dada yake aliolewa na nani, alikuwa mtu mwema? Alizaa wangapi? Magoti yalimuuma tangu lini? Nani alikuwa akimpikia mwishoni? Kila jibu alilipokea kwa "asante Mungu," hata lile la magoti. Mama Pindo naye akauliza aliloogopa kuuliza: mama wa mama yake, aliyefariki kwa homa, alikuwa nani? Mama Mdogo akatabasamu kwa fizi.

"Mimi nilikuwa mdogo, lakini mama alimsimulia mpaka nikamjua. Alikuja huku kuchuma kahawa na wachumaji wa msimu. Hakuna aliyemwita jina lake. Walimwita Kicheko. Ulimsikia kona mbili kabla hujamwona. Siku ya homa yenyewe alikuwa akimtania mama kwamba amemshonea sanda ndefu kupita kiasi, labda anadhani atarefuka."

Mama Pindo akacheka. Kicheko kilimtoka kikubwa, kikagonga bonde na kurudi, na kikongwe akamtazama kwa furaha kubwa.

Kisha Mama Mdogo akasema, "Mpeleke."

Msagaji hakusogea. Alitazama chini, akaitazama suruali yake, akamtazama shangazi aliyempata asubuhi ile. "Nilikuogopa," alisema. "Kaburi liko katikati ya shamba. Ukilitaka..."

"Mwanangu," alisema Mama Pindo, "mmelilima?"

"Hatujawahi. Tunazunguka."

"Miaka yote?"

"Bibi angeniua."

"Basi kama kuna mwenye haki na shamba hili, ni yule aliyekubali kuzunguka. Mimi nina chumba changu bondeni, na kinanitosha. Nionyeshe tu nikapige magoti."

Wakashuka kwenye tuta la mahindi. Katikati ya kijani palibaki mviringo wa nyasi fupi, uliofagiwa, na ndani yake makaburi mawili yamelala ubavu kwa ubavu, yamezungushiwa mawe.

"Lile ni la Kicheko," alisema Msagaji. "Hili ni la fundi, mama wa bibi. Alikuwa na nafasi yake kule juu kwa wakwe zake. Aliikataa. Alisema yule mwenzake ni mgeni, hana mtu, asilale peke yake."

Mama Pindo akasogea karibu. Alipiga magoti kati ya hayo makaburi mawili, akaweka mkono mmoja huku na mmoja kule, udongo ukiwa bado na unyevu wa mvua. Hotuba yote ilikuwa imemtoroka. Midomo ikacheza, na neno likatoka dogo, karibu lisisikike.

Kutoka juu barazani sauti ya kikongwe ikapasua bonde: "Sema kwa nguvu! Mama mwishoni masikio nayo yalimwisha!"

Mama Pindo akajaza kifua hewa.

"Asante!" alipiga kelele. "Asante, mama! Mwanenu anasema asante!"

Ndege wakaruka kwenye mahindi. Pembeni yake Msagaji, ambaye hakuna mtu aliyemwomba, akavua kofia na kupiga kelele naye.